Sifuri Nayo Huandikwa

Kila asubuhi, kabla sijaanza kuhudumia mtu, naandika tarehe ya jana. Siyo ya leo, ya jana. Wateja wa mapema wakinikuta nimeinamia kauntabuku hudhani nakagua madeni, nami sijawahi kuwakatalia, maana mtu akijua una daftari la madeni hupunguza kukopa.

Nina steshenari ndogo hapa Nkuhungu, Dodoma. Nachapa barua, natoa kopi, napiga laminesheni vyeti, nauza kalamu na bahasha za kaki. Usiku, umeme ukiwepo na mgongo ukikubali, naandika hadithi fupi. Juzi alikuja binti mmoja wa chuo kutoa kopi za notsi, akachungulia daftari langu.

"Mama, hiyo ni dayari?"

"Ndiyo."

"Unaandika hisia zako?"

"Hapana. Naandika mvua."

Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyowacheka watu wazima, akalipa akaondoka. Foleni ilikuwa nyuma yake, sikuweza kumweleza. Sasa leo ni Jumapili, duka limefungwa, ngoja nieleze.

Baba yangu alifanya kazi kwenye bustani ya miche ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule ulioanza mwaka 1973 na ambao sisi kule Mvumi tuliuita HADO basi. Kazi yake hasa ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia. Juu ya hiyo akabebeshwa nyingine isiyo na nyongeza ya mshahara: kusoma kipimamvua kila siku, saa tatu kamili asubuhi.

Kilikuwa kopo la shaba, nusu limefukiwa ardhini ndani ya kiuzio cha waya ili mbuzi wasilikanyage, mdomo wake umesimama kama futi moja kutoka chini. Ndani yake faneli, chini ya faneli chupa. Baba aliitoa chupa akamimina maji kwenye kichupa chembamba cha kioo chenye mistari, halafu akachuchumaa. Kuchuchumaa huku ndiko kulikonibaki kichwani. Hakusoma hata siku moja akiwa amesimama. Alishuka mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akafumba la pili, kwa sababu maji kwenye kioo hupanda pembeni na kubonyea katikati, na kinachosomwa ni pale yalipobonyea. Ukisoma kutoka juu, alisema, unaandika mvua ambayo Mungu hakuileta.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu: tarehe, kipimo, maelezo. Na hapa ndipo mimi nilipoanza kubishana naye, nikiwa na miaka saba au minane. Wa Dodoma mnajua mvua zetu. Ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili ikijitahidi, na kwa mwaka mzima tunapata kati ya milimita 500 na 600 hivi. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni upepo, vumbi na anga la buluu lisilo na habari. Lakini baba alikwenda. Kila asubuhi saa tatu alifungua kopo kavu, akatoa chupa kavu, akaitazama, akairudisha, akaandika 0.0. Siku zaidi ya mia mbili kwa mwaka.

Nikamwambia, "Baba, si uziandike zote siku moja? Si tunajua mvua haipo?"

Akasema, "Nisipoandika, atakayesoma hatajua kama mvua haikunyesha au mimi sikwenda."

Sikuelewa. Nilielewa baadaye sana, na kwa hasara.

Kulikuwa na mambo mengine mawili kwenye lile daftari. La kwanza, maji ya saa tatu asubuhi aliyaandika kwenye tarehe ya jana, kwa hesabu kwamba sehemu kubwa ya yale masaa ishirini na manne ilikuwa ya jana. La pili, zilikuwepo siku ambazo chupa ilikuwa kavu lakini baba hakuandika sifuri. Aliandika herufi mbili, TR. Maana yake mvua ilikuwepo, ila haikufika hata mstari wa chini kabisa wa kichupa. Alijuaje, na chupa ni kavu? Kabla ya kutazama kopo alikuwa anatazama chini.

Safu ya maelezo ilikuwa nyembamba, upana wa vidole viwili. Humo aliweka machache: "Upepo." "Radi, mbuyu wa kisimani umepasuka." "Viwavi." Na kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 1986: "0.0. Ng'ombe wameondoka."

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaohamia Dodoma siku hizi hawaijui habari hii. Ardhi ya kwetu ilikuwa imeliwa mno. Makorongo yalikuwa yanameza nyumba, udongo wa juu unakwenda na maji kila masika. Mradi ukaamua mifugo iondoke maeneo yaliyoharibika zaidi ili majani yapate kurudi. Kondoa walianza 1979. Mvumi zamu yetu ilifika 1986. Kwa Mgogo ng'ombe siyo maziwa. Ng'ombe ni mahari ya binti, ni sauti yako kwenye kikao, ni mazishi yako wewe mwenyewe. Sasa fikiria: baba alikuwa mwajiriwa wa mradi, na ng'ombe waliotakiwa kuondoka walikuwa wa babu, baba yake mzazi. Nakumbuka vumbi, na babu amekaa kwenye kigoda nje ya zizi tupu mpaka giza likaingia, na mama akimpelekea uji ambao hakuunywa. Sikumbuki baba alisema nini. Nadhani hakusema kitu. Alikwenda saa tatu, akachuchumaa mbele ya kopo kavu, akaandika sifuri yake, na pembeni maneno mawili.

Majani yalirudi, hilo niliseme kwa haki. Miti ikasimama, makorongo mengine yakatulia. Lakini mara sita nimejaribu kuandika hadithi ya siku ile, na kila mara maneno yangu elfu mbili yameshindwa na yale mawili.

Mimi mwenyewe nilianza kuandika shajara mwaka 2009. (Shajara ni neno la kamusi. Dukani tunasema dayari, na dayari kwa watu wengi ni lile buku lenye nembo ya ofisi linalogawiwa Desemba, ambalo mpaka Machi limeshakuwa la kuandikia namba za simu na michango ya harusi.) Niliandika usiku, kitandani, baada ya siku nzima ya kusimama. Nilijiona msanii. Wapo wanaoshauri ujaze kurasa tatu bila kunyanyua kalamu, nami niliwahi kujaribu wiki mbili. Nilichopata ni malalamiko yenye mwandiko mbaya. Hata bila hizo kurasa tatu, madaftari yalijaa. Matano kwa miaka mitano. Niliyaweka kwenye boksi la karatasi za kopi, boksi likakaa stoo, chini, limegusana na ukuta.

Mwenye kujua nyumba za Dodoma ameshajua kilichotokea.

Novemba 2014 nilikwenda kulitoa. Nikashika pembe mbili, nikavuta kwa nguvu kama mtu anayejua anavuta mzigo, nusura nianguke chali. Lilikuwa jepesi. Juu hakuna dalili: majalada yamepangana vizuri, jekundu, jeusi, jekundu. Nikachukua la juu nikalifungua, udongo ukamwagika mapajani mwangu. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini, wakala kurasa zote wakaacha majalada, na pale palipokuwa na karatasi wakajaza udongo wao kwa ustadi ule ule, umbo la daftari limebaki. Nililigonga, likatoa sauti ya tofali. La pili hivyo hivyo. La tatu, la nne. La tano lilikuwa limeliwa nusu, kuanzia mgongoni.

Nikalia, ndiyo. Halafu jioni nikakaa na ile nusu iliyobaki, nikaisoma yote.

Kwenye kurasa thelathini na kitu zilizosomeka, neno "nimechoka" lilikuwepo mara kumi na moja. "Nina mawazo" mara saba. Kulikuwa na kurasa mbili juu ya ugomvi na mtu ambaye nilimtaja kwa herufi moja tu, na mpaka leo sijui ni nani. Na kulikuwa na mstari huu: "Baba kaja leo. Nimefurahi sana."

Ndiyo yote. Kesho yake nimeandika habari ya mashine ya kopi kukwama.

Baba alipanda basi kutoka Mvumi, akashuka stendi, akatembea mpaka kwangu na jua lile. Hakuwahi kuja mikono mitupu, kwa hiyo alileta kitu. Karanga? Ubuyu? Mlenda mkavu aliosaga mama? Alikalia kiti kipi? Aliuliza nini? Alilala au aliwahi gari la jioni? Alivaa lile koti la kijivu? Mtu aliyejaza madaftari matano kwa miaka mitano alimpokea baba yake mlangoni, na alichotunza ni kwamba alifurahi. Hilo ningelijua hata bila daftari.

Nikajiona nilikuwa nasoma kichupa nikiwa nimesimama.

Baba alifariki Januari 2015. Miezi miwili baada ya mchwa, yaani sikupata hata nafasi ya kujirekebisha akiwa hai.

Kwenye tanga mama alinionyesha debe la bati lenye kifuniko, limekaa kwenye kichanja jikoni, mahali wanapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyapitie. Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, yale ya kurasa themanini, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kitabu cha mradi kilikuwa mali ya mradi, lakini baba alikuwa ananakili kila siku nakala yake nyumbani. Na mradi ulipofifia akabaki na kopo, akaendelea. Hakuna ofisi iliyokuwa inapokea tena hizo namba. Yeye aliendelea kuandika 0.0 mpaka wiki aliyougua. Madaftari yananuka moshi, kingo zimekuwa rangi ya chai, na hakuna mchwa aliyegusa hata jani.

Mwaka ule ule niliandika hadithi ya mtoto anayemzika baba yake, na kwenye hadithi mvua inanyesha kaburini. Mvua laini, watu wanaacha miavuli ifungwe kwa kuwa mvua ya msibani ni baraka. Niliipenda sana ile sehemu. Nikamsomea mdogo wangu wa kiume kwenye simu.

Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, mvua haikunyesha."

"Ilinyesha. Nakumbuka viatu vyangu vilivyokuwa na tope."

"Ilinyesha siku ya tatu. Siku ya kuzika ilikuwa kavu."

Nikabisha. Akaniambia nisubiri, akaenda kufungua debe. Asubuhi ile ya kuzika, watu wamejaa uani, mama alimwita akamwambia, "Nenda kaangalie kopo la baba yako." Akaenda. Akaandika kwa mwandiko wake mkubwa wa darasani, chini ya mwandiko wa baba: 0.0. Na asubuhi iliyofuata, sifuri nyingine kwenye tarehe ya maziko yenyewe.

Ningeweza kuiacha mvua kwenye hadithi. Hadithi si mahakama. Lakini niliiondoa. Nikaweka mtoto anayetumwa na mama yake kwenda kuangalia kopo kavu wakati wageni wanapika. Hiyo ndiyo hadithi yangu ya kwanza ambayo mtu asiye ndugu yangu aliniambia imemkaa.

Tangu hapo ndivyo ninavyoandika. Kauntabuku la kwaya mbili, kurasa 192, linanitosha kwa muda mrefu. Napiga mistari kwa rula: tarehe, kipimo, maelezo. Kipimo ni mvua kweli. Nilikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile yenye kuta zilizonyooka, nikageuza kichwa chake kikawa faneli, chini nikajaza saruji kidogo kufukia mashimo ya kitako ili sifuri ianzie palipo sawa, nikabandika rula. Siyo kipimo cha kisayansi. Ila baba alinifundisha kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na huwa napenda kujua kwamba jana usiku bati la jirani limekoga lita mia nne.

Maelezo yanapata mistari miwili kwa siku, haiongezwi. Humo naweka nilichoona au nilichosikia kwa maneno ya aliyesema. Hairuhusiwi "nimefurahi", hairuhusiwi "nimechoka". Huwa navunja sheria, hasa mwisho wa mwezi kodi inapokaribia, lakini navunja nikijua.

Na naandika asubuhi, kwa tarehe ya jana. Hili watu hulipuuza, kumbe ndilo limenisaidia kuliko yote. Usiku kila kitu kilichotokea mchana kinapiga kelele kwa pamoja, na mwenye sauti kubwa ni yule aliyekuudhi. Ukilala, wengi wanaondoka wenyewe. Asubuhi unakuta kimebaki kitu kimoja, na mara nyingi si kile ulichodhani. Mteja aliyenitukana kapotea, kabaki mtoto aliyekuja kununua peni moja akaijaribu kwenye kiganja chake kwa kuandika jina la mama yake.

Julai 2016 nina mstari huu: "0.0. Kauliza kama najua nyumba ya kupanga Area D. Wa tatu leo." Ni wiki ile ambayo Rais Magufuli alitangaza hapa hapa Dodoma kwamba serikali inahamia kweli, baada ya kuwa tunasubiri tangu uamuzi wa 1973. Tangazo lenyewe sikuliandika. Lilikuwa kwenye kila redio, niliandike la nini? Lakini yule mtu wa tatu anayeulizia nyumba, koti mkononi, viatu bado vina mng'ao wa Dar es Salaam kwa kuwa vumbi letu halijamfahamu, yeye asingekuwa kwenye redio yoyote. Nikifuata kurasa kuanzia hapo naona kodi za vyumba zinavyopanda, naona wateja wanaanza kusema "jamani" kwa mtindo wa pwani, naona shamba la zabibu la jirani yetu wa Mpunguzi linavyopimwa viwanja. Mpaka Aprili 2018 tunapoitwa jiji, na siku ile nimeandika kwamba maji hayakutoka.

Siku za TR ndizo zenye hadithi. Mtu akifiwa, au akishinda, au nyumba ikiungua, hiyo ni mvua ya milimita arobaini. Kila mtu ataisimulia, na itasimuliwa vilevile. Mimi nasubiri zile ambazo kichupa hakizipimi.

Nitoe mfano mmoja. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya upepo. Akaja mzee na fimbo, koti zito limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nataka barua iende Mwanza kwa kijana wangu. Simu hapokei."

Nikamweka kiti, nikaanza kuchapa anavyosema. Ilikuwa barua ya haja: paa limeng'oka upande mmoja, shangazi yake kijana anaumwa, deni la mbegu, tafadhali mwanangu. Alisema polepole, anachagua maneno, hajidhalilishi. Tukamaliza nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakunyanyuka. Alikaa anatazama mashine ya kopi. Kisha akasema:

"Ongeza. Mwambie yule mbuzi mweupe kazaa pacha."

"Sawa babu. Niweke hapa mwisho?"

"Mwanzo. Asome hilo kwanza."

Nikaliweka mwanzo. Elfu moja yake nikamwachia mia tano. Asubuhi iliyofuata niliandika: "0.0. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Iwekwe mwanzo."

Barua yenyewe ni siri yake, sijaitumia na sitaitumia. Nachapa barua za watu miaka yote hii na ningefunga duka siku ile ile ningeanza kuzitoa nje. (Hapa pia nimebadilisha mji, na huenda hata mnyama.) Lakini miezi minane baadaye nilikuwa nimekwama kwenye hadithi ya mwanamke anayempigia simu mume aliyemkimbia. Kila nilivyoianza, mwanamke alilia sentensi ya kwanza, na mtu akilia sentensi ya kwanza msomaji hana pa kwenda. Nikapekua daftari bila kutafuta chochote. Nikafika kwa mbuzi. Iwekwe mwanzo. Nikafuta ukurasa mzima, nikamfanya yule mwanamke aanze kwa kusema kwamba mpapai uliokataa kuzaa miaka yote umezaa. Hadithi ikaisha ndani ya siku mbili.

Sasa kuhusu usalama. Wengi huogopa dayari kusomwa, na nilidhani mimi nimeshapona, kwa kuwa siandiki hisia. Nani atakasirishwa na milimita? Basi dada yangu mkubwa alikuja kunikaimu dukani siku moja nikiwa hospitali na mtoto. Niliporudi nikamkuta kanuna.

"Kumbe ndivyo unavyoniandika."

"Nimekuandika nini dada?"

Akafungua akanisomea kwa sauti: "0.0. Dada kaja. Kakaa dakika kumi. Hakula."

Sikuwa nimemsema vibaya hata kidogo. Kama ningekuwa nimeandika kwamba ana kiburi tangu aolewe mjini, tungegombana, tungecheka, ingeisha. Lakini zile dakika kumi hakuwa na pa kuzikanusha. Tulikaa kimya muda. Baadaye akaniambia kwa nini hakula siku ile, na hilo siliandiki hapa wala kwenye daftari. Siku hizi akija anatangaza mlangoni, "Andika: dada kaja, kala ugali wote, kakomba na mlenda." Naandika.

Kwa wanaotaka kuanza, ushauri wa muuza steshenari. Peni ya kawaida, ile ya bei ya chini, hukaa kuliko zile za jeli za rangi ambazo tone la chai linazifuta. Msibandike risiti za mashine mkidhani mnatunza ushahidi. Ile karatasi huandikwa kwa joto, si kwa wino. Nina ukurasa wa 2017 wenye risiti sita nilizozibandika kwa gundi kwa uangalifu mkubwa, na zote leo ni nyeupe kama sanda. Wino ni jambo kubwa. Mwaka 1871 David Livingstone aliishiwa karatasi na wino akiwa Nyangwe, Kongo ya leo, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino wa kukamua matunda ya porini. Ulififia mpaka wataalamu wakahitaji kuzipiga kurasa picha kwa mianga ya aina mbalimbali ndipo maandishi yakasomeka tena, na hiyo ilikuwa 2011. Miaka mia na arobaini. Sisi wengine hakuna atakayetupiga picha hizo, kwa hiyo tununue kalamu sahihi. Na boksi lisiguse ukuta. Mimi nina ndoo ya plastiki yenye kifuniko, juu ya kabati. Kichanja cha moshi sina, napikia gesi.

Kopo la shaba la baba liliibwa miaka mitatu iliyopita. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na nadhani liliondoka usiku mmoja pamoja na koki ya bomba la jirani. Mdogo wangu aliumia kuliko nilivyotegemea. Alikuwa ameendelea nalo tangu ile asubuhi ya msiba, kimya kimya, bila kumwambia mtu, na mimi nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu mwenye wazimu huu. Nikampelekea chupa yangu ya pili niliyoikata, na saruji yake ndani. Tukakubaliana awe ananitumia namba kila saa tatu asubuhi kwa ujumbe wa simu, nami naiandika pembeni ya yangu. Mvumi na mjini si mbali, lakini mvua zetu huchagua; anaweza kupata ishirini mimi sina kitu.

Tangu Mei amekuwa akinitumia sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, hajaruka hata Idi wala siku mahindi yake yalipoharibika ghalani. Hatuulizani habari nyingine. Namba ikifika najua kaamka.

Juzi saa tatu na dakika mbili ulifika ujumbe wenye herufi mbili tu: TR.

Nikampigia. "Una uhakika? Huku hata wingu hatujaona."

"Chupa ni kavu, dada," akasema. "Lakini vumbi la uani lina vidoti."

Nikaandika, kwa tarehe ya jana yake. Kwenye maelezo nikaweka vidoti.